Umekabidhiwa malezi ya shule? Anzia kwenye rejesta

Kazi hii kwa kawaida haiombwi. Umekaa zako kwenye kikao cha kufungua muhula, mkuu wa shule anagawa majukumu: taaluma fulani, nidhamu fulani, mazingira fulani. Akifika kwenye malezi na unasihi, yaani kuwasikiliza na kuwashauri wanafunzi, anainua macho kutafuta mtu mpole, na macho yanakutua wewe. Hakuna barua, hakuna ofisi, hakuna senti, na vipindi vyako viko palepale. Mimi nilikabidhiwa hivyo katika shule ya kata, ya kutwa, mkoani Morogoro, yenye wanafunzi mia sita hivi na walimu ishirini na wanne, tukiwahesabu na wa kujitolea.

Nikafanya kinachofanywa na karibu kila mwalimu mpya wa malezi. Nilimwomba fundi anitengenezee sanduku la maoni, nikanunua kufuli, nikalitundika nje ya ofisi ya walimu. Baada ya wiki tatu nilikuta humo makaratasi ya pipi, barua ya mapenzi iliyokosea njia, tusi la mwalimu wa Hesabu, na kipande cha daftari kilichoandikwa kwa penseli: "Mwl mm natoka nyumbani saa 10 usiku." Basi. Jina hakuna, ombi hakuna.

Nikaanza kumtafuta mwenyewe kupitia daftari la wachelewaji, lile analoandika mwalimu wa zamu getini. Sikukuta mtoto mmoja. Nilikuta majina 31, karibu yote ya kitongoji kimoja ng'ambo ya mto, kilometa 12 kutoka shuleni, na mbele ya kila jina idadi ya fimbo. Miezi yote ile tulikuwa na tatizo la umbali, nasi tulikuwa tunaliandika kwenye nidhamu.

Ndiyo maana mwongozo huu haukuanzishi na klabu wala mabango ya "Vunja Ukimya" yanayobandikwa ukutani kabla ya wageni kufika. Unakuanzisha na makaratasi ambayo shule yako tayari inayo.

Hatua ya 1: Dai barua, mwenzako na mahali pa kukaa

Kabla hujamsikiliza mtoto yeyote, omba barua ya uteuzi yenye saini ya mkuu wa shule. Ukienda kwa mtendaji wa kijiji kufuatilia mtoto, au ukisimama kwenye kikao cha bodi ya shule, barua hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba yako. Ndani yake yaandikwe mambo mawili: kwamba unapunguziwa vipindi, hata viwili tu kwa wiki, na kwamba huna jukumu la nidhamu. Hili la pili usilegeze. Nimeona shule ambako mwalimu wa nidhamu na wa malezi ni mtu mmoja, na watoto wanamkimbia kwa haki kabisa.

Mwenzako awe wa jinsia nyingine. Kuna mambo msichana hatamwambia mwalimu wa kiume hata umpe wiki, na kuna wavulana ambao hawatamlilia mwanamke kwa sababu nyumbani wamefundishwa hivyo.

Kuhusu mahali, usisubiri chumba. Tulichokuwa nacho sisi ni mabenchi mawili chini ya mwembe, upande wa bustani, ambako mtu akiwa kwenye varanda ya utawala anawaona waliokaa lakini hawasikii. Waonekane, wasisikike: hiyo ndiyo kanuni, na inamlinda mtoto kama inavyokulinda wewe. Mwalimu aliyejifungia na mwanafunzi kwenye stoo ya vitabu, hata kwa nia njema, amejitafutia maneno. Kuna daktari wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, aliyewafundisha mabibi wa mitaani kukaa na watu wenye mawazo kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, na kazi yao imejulikana dunia nzima. Nikilalamika kwamba sina ofisi huwa nawakumbuka mabibi wale.

Hatua ya 2: Wiki mbili za kusoma, bila kuuliza mtu

Nunua kaunta buku moja. Chukua rejesta za madarasa yote za muhula uliopita, daftari la wachelewaji, kitabu cha ruhusa na kitabu cha adhabu. Pitia kila jina lililokosa siku kumi au zaidi. Usiandike "mtoro". Andika siku gani alikosa, maana siku ndizo zinazosema.

Utaanza kuona sura. Kuna wanaokosa siku ya gulio: hao wanauza kitu, au wanalea wadogo zao mama akiwa sokoni. Kuna wasichana wanaokosa siku tatu au nne kila mwezi na kurudi kama kawaida. Hao shida yao ni pedi, au choo kisicho na mlango. Kuna wanaokosa Jumatatu peke yake. Hawa walinichanganya mpaka mwalimu mmoja mwenyeji alipocheka: "Hao ni wa mageto. Ijumaa wanakwenda kwao kuchukua unga, Jumatatu ndiyo siku ya kurudi."

Kama hufundishi shule ya kata huenda hujayaona mageto. Mzazi anaishi mbali, hosteli hakuna, anampangia mtoto chumba karibu na shule kwa elfu kadhaa kwa mwezi. Mtoto wa miaka kumi na minne anajipikia, anajilinda, anajiamsha. Niliingia kwenye geto la mvulana mmoja wa kidato cha pili: godoro la inchi tatu, jiko la mkaa, sufuria yenye ukoko wa juzi, na ukutani ratiba ya kujisomea iliyochorwa kwa rula, nzuri kuliko ya ofisini kwetu. Majirani zake upande wa pili wa pazia walikuwa waendesha bodaboda wawili. Andika mageto yote kwenye kaunta buku, nyumba kwa nyumba, ukianza na ya wasichana.

Mwisho wa wiki ya pili uwe na orodha ya watoto arobaini au hamsini ambao makaratasi yenyewe yamekuonyesha. Mbele ya kila jina acha nafasi mbili: anaishi na nani, na mchana anakula nini. Nafasi hizo utazijaza polepole, mtoto mmoja mmoja. Usije ukasimama darasani ukasema "wanaoishi na bibi wanyooshe mikono." Nimewahi kulisikia hilo kwa masikio yangu, na nikaona wasichana wawili wakitazama chini.

Hatua ya 3: Uji kwanza

Utaambiwa chakula si kazi ya mwalimu wa malezi. Kubali kwa heshima, kisha endelea. Mtoto aliyetembea kilometa 12 tumbo tupu akilala kipindi cha tano, humtibu kwa unasihi.

Nenda kwenye kikao cha wazazi na hesabu, si hotuba. Hesabu yetu ilikuwa hii. Kikombe cha uji kinakula gramu 50 za unga. Wanafunzi 600 ni kilo 30 kwa siku. Siku za masomo kwa mwaka ni 194, kwa hiyo kilo 5,820 kwa mwaka mzima. Ukigawa kwa kichwa unapata kilo kumi kasoro, yaani kama nusu debe la mahindi ya dona kwa kila mtoto. Sukari, gramu kumi kwa kikombe, haifiki kilo mbili kwa mtoto kwa mwaka. Mzazi ambaye alikuwa amekunja mikono tangu asubuhi akasema, "Kumbe ni nusu debe tu? Mbona mlikuwa mnatutisha na mahela?"

Tukakubaliana michango ikusanywe kwa mazao, mara tu baada ya mavuno, wakati kila nyumba ina kitu, na asiye na shamba alete kuni au afanye zamu jikoni. Mahindi yapokelewe na kamati ya wazazi wenyewe, daftari lao, kufuli lao, na walimu tukae mbali na ghala. Hilo la mwisho lilikuwa wazo la mzee mmoja wa bodi, na ndilo lililoondoa minong'ono.

Jambo moja liwe wazi tangu siku ya kwanza: ambaye mzazi wake hajachangia anakunywa uji kama wenzake. Serikali imekataza kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango, na kumsimamisha pembeni akiwatazama wenzake wanakunywa ni kumrudisha nyumbani kwa njia nyingine.

Pedi ziwekwe kwa matroni na kwa dada mkuu, sehemu zote mbili, maana wengine wanamwogopa mtu mzima na wengine hawamwamini mwanafunzi mwenzao. Pasiwe na kitabu cha kusaini. Tulipoweka kitabu, kwa mwezi mzima zilichukuliwa mbili. Tulipokiondoa, boksi liliisha kwa siku tisa, na sikuona haja ya kuuliza nani kachukua. Mlango wa choo, komeo la ndani na ndoo ya maji ndivyo vinafuata.

Hatua ya 4: Kila mtoto awe na mtu wake mmoja

Wewe na mwenzako hamwezi kuwajua watoto mia sita. Gawa shule nzima katika familia: walimu 24, wanafunzi 25 kila mmoja, wakichanganywa kidato cha kwanza hadi cha nne. Majina yagawe kwa mikono, usifuate alfabeti. Wale hamsini wa kaunta buku wapeleke kwa walimu unaowajua kuwa na moyo, na ndugu wa nyumba moja waweke familia moja ili mwalimu akifika kwao aende safari moja.

Familia ikutane dakika ishirini, mara moja kwa wiki, siku isiyobadilika. Sisi tulichukua Alhamisi baada ya uji. Mwalimu ana kazi tatu tu: kuhesabu nani hayupo, kuuliza kama kuna anayejua aliko, na kumwita kando mtoto mmoja kwa mazungumzo mafupi. Mtoto mmoja kila wiki, mpaka orodha iishe, kisha aanze tena. Dakika zilizobaki wacheze, waimbe, wasugue sare zao, lolote.

Hapa utapata upinzani, na utatoka kwa wenzako. Mmoja atasema hiyo ni kazi ya ustawi wa jamii. Mwingine atageuza dakika ishirini kuwa somo la Kemia, na wa tatu atahutubia kuhusu maadili ya vijana wa leo mpaka kengele. Usigombane nao kwenye kikao. Mimi niliwapa kila mmoja karatasi yenye majina 25 na safu moja ya "nimeongea naye tarehe", na mwisho wa mwezi nikabandika ukutani kwenye ofisi ya walimu idadi ya kila familia, bila maoni. Mwalimu wa Hesabu, yule wa tusi la sandukuni, alimaliza watoto wake wote kabla ya mtu yeyote. Ukali wake ulikuwa wa ubaoni tu. Kwenye benchi ni mtu wa utani.

Mpishi na mlinzi wape familia pia wakitaka. Mlinzi wetu alikuwa anajua nani anagombana na nani kabla ya viranja wote.

Hatua ya 5: Kusikiliza, na kujua pa kukabidhi

Hatua hii ndiyo nzito, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mtoto hafiki na kichwa cha habari. Anafika na kisingizio: kalamu, ruhusa ya kwenda zahanati, swali la somo. Mazungumzo yangu mengi yameanza namna hii:

"Shikamoo mwalimu."
"Marahaba. Kaa. Umekula?"
"Ndiyo." Kimya. "Hapana."
"Basi twende tukachukue uji kwanza."

Akianza kusema, sema "pole" na unyamaze. Usiulize "kwa nini hukusema mapema?", maana hilo analisikia kama hukumu. Usimwambie kuna wenzake wenye shida kubwa zaidi. Usimpe mfano wa maisha yako ya kutembea kwenda shule peku. Nasi walimu tunaupenda sana mfano huo. Uliza kimoja kimoja: ilianza lini, nani mwingine anajua, usiku unalala wapi, sasa hivi unaogopa nini.

Kuhusu siri, usiahidi usichoweza. Maneno yangu huwa haya, na huyasema mapema kabla mtoto hajafika mbali: "Mengi utakayoniambia yatabaki hapa. Ila ukiniambia jambo linalokuweka kwenye hatari, itabidi nimweleze mtu wa kutusaidia, na nitakuambia ni nani kabla sijamwambia." Sijaona mtoto aliyenyanyuka akaondoka kwa sababu ya maneno hayo. Nimeona wanaokaa kimya, wanafikiri, kisha wanaendelea.

Akigusia kwamba amechoka kuishi, muulize wazi: "Unawaza kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtoto wazo, linampa nafasi ya kulitua. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kwenda chooni. Mtafute mtu mzima wa nyumbani ambaye mtoto mwenyewe anamtaja, si yeyote tu, na mfikishe hospitali siku hiyohiyo. Nyumbani waombe waondoe karibu sumu ya panya na dawa za shambani.

Akieleza kwamba amebakwa au amelawitiwa, saa zinahesabika. Dawa za kumkinga na VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Asioge, nguo zisifuliwe, zifungwe kwenye karatasi au kitambaa kisafi. Hospitali nyingi za wilaya na mikoa zina mahali pa kuhudumia kesi hizi; baadhi zina vituo vya mkono kwa mkono ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana pamoja. Polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Wewe usimhoji kwa undani. Akishakueleza kilichotokea, yatosha. Maelezo kamili atayatoa mara moja, kwa wenye kazi hiyo, maana kila anaporudia anaumia upya.

Namba ya simu ya 116 ya huduma kwa mtoto haina malipo, Tanzania na Kenya pia. Iandike ndani ya milango ya vyoo, ambako mtoto anaweza kuisoma bila kutazamwa.

Halafu kuna wazee wa kuyamaliza. Watakuja jioni, na maneno laini, kwamba mtuhumiwa ni jirani, ni ndugu, ni mtu wa familia zao zote mbili, na kwamba wamekubaliana ng'ombe. Wakati mwingine mtuhumiwa ni mwalimu mwenzako na wanaokuja ni walimu. Jibu lako liwe lilelile kila mara: "Taarifa imeshatoka mikononi mwangu." Ili liwe kweli, hakikisha imetoka. Nakala ya maandishi kwa mkuu wa shule, nakala kwa afisa ustawi wa jamii, na moja ibaki kwenye kabati lako ikiwa na tarehe na saa. Kama mkuu ndiye anayehusika, pita kwa afisa elimu kata au nenda moja kwa moja ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila anayejua mtoto anaumizwa atoe taarifa; huhitaji ruhusa ya ofisi.

Hatua ya 6: Ongea kuhusu fimbo

Kanuni zetu za viboko zinasema visizidi vinne, avitoe mkuu wa shule au aliyepewa idhini na mkuu, msichana achapwe na mwalimu wa kike pale alipo, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mimi binafsi ningefurahi kitabu hicho kifungwe kabisa. Lakini hata mwenye kuitetea fimbo akifuata kanuni hizo tu, getini hapatakuwa na mtu mwenye fimbo asubuhi.

Nilipeleka kwa mkuu yale majina 31 pamoja na ramani niliyoichora kwa mkono, mto, daraja la miti, shule. Sikumwambia waache kupigwa. Nilimwomba atembee na mimi Jumatatu moja kutoka kule. Tulilala kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukatoka saa kumi na robo usiku na watoto wakiwa mbele na tochi za simu, tukafika mstarini umebaki dakika chache, viatu vimelowa. Hatukuzungumza sana njiani. Wiki hiyohiyo wa ng'ambo ya mto waliondolewa kwenye zamu ya usafi wa asubuhi, wakapewa ya jioni kwa nusu ya muda, na jina lao likatoka kwenye daftari la wachelewaji. Hosteli tunaiomba mpaka leo.

Hatua ya 7: Wape wanafunzi uamuzi wa kweli

Wengi wanaanzia hapa, na ndiyo maana klabu zao hufa kabla ya likizo ya Juni. Klabu za kusaidia zipo nyingi: za FEMA za afya na maisha ya vijana, za Malihai za mazingira, za wapinga rushwa zinazolelewa na TAKUKURU, na Skauti. Chagua tatu, zisizidi, kila moja iwe na mlezi anayeipenda. Orodha ya klabu kumi na nne kwenye ubao wa matangazo ni ya kumfurahisha mkaguzi.

Baraza la wanafunzi lipe jambo moja ambalo mtakubali jibu lolote watakaloleta. Tuliwapa ratiba ya jikoni: uji saa ngapi, nani anatangulia, vikombe vinaoshwaje. Wakaamua kidato cha kwanza watangulie, jambo ambalo katika shule yenye kaka wakubwa wa kidato cha nne hatukulitegemea. Kama mtakataa uamuzi wao wa kwanza, hawatawaletea wa pili.

Michezo nayo iangalie kwa jicho hili. UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, inachukua wenye vipaji, na ni sawa. Lakini wanafunzi mia tano na zaidi wanabaki kuwa washangiliaji. Weka ligi ya familia, mpira wa miguu na netiboli, yenye sharti kwamba kila aliyemo kwenye familia lazima acheze angalau dakika kumi. Itakuwa mbaya kutazama. Mvulana wa nyuma ya darasa, asiyesema, akimpigia pasi mwalimu wa Kemia akaikosa, utasikia kelele ambazo hujawahi kuzisikia shuleni kwako.

Hatua ya 8: Wafuate waliopotea

Orodha yako itakuwa na majina yasiyokuja kabisa. Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 umefungua mlango kwa waliokatiza masomo kurudi, wakiwemo wasichana waliojifungua. Wazazi wengi hawajausikia, na wengine wameusikia na hawauamini. Beba nakala.

Safari ya kwanza usiende na mtendaji wala mgambo. Nenda na mwalimu wa familia yake, piga hodi, amkia wakubwa, kaa kwenye kigoda ulichopewa, kunywa maji uliyopewa. Mara nyingi mwenye uamuzi ni bibi, si mtoto. Bibi mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Mwanangu, akirudi, huyu mchanga nimnyonyeshe mimi?" Nilikuwa na waraka mkononi na sikuwa na jibu. Jibu tulilipata wiki mbili baadaye, kwa mama lishe anayeishi jirani na geti letu: mtoto alikuwa analala kwake, na mama yake anatoka mara mbili kwa siku kumnyonyesha, ruhusa ikiwa imeandikwa ili mwalimu wa zamu asimsumbue.

Hatua ya 9: Hesabu vitatu kila muhula

Mahudhurio ya wale hamsini. Idadi ya watoto waliozungumzwa nao ana kwa ana. Idadi ya kesi zilizokabidhiwa nje na zilizopata majibu. Hii ya tatu itapanda mwaka wa kwanza, na kuna atakayesema umeleta matatizo shuleni. Mwonye mkuu mapema, kabla takwimu hazijamfikia afisa elimu.

Kaunta buku isiandikwe majina kamili ya waliosimulia mambo mazito. Tumia namba, na ufunguo wa namba ukae daftari tofauti. Kabati liwe na funguo mbili, wako na wa mwenzako. Uhamisho ukija, na kwetu walimu unakuja bila hodi, usimwachie mrithi wako sanduku la maoni na kufuli lake tu. Mkalishe kwenye benchi, mpitishe jina kwa jina, na wale wenye jambo zito waulize wenyewe kwanza kama wanakubali ajue. Nilipohama mimi, kumi na saba walikubali. Wanne walisema hapana, wakaniomba namba ya simu.